Chemko: Safari ya Rumba Kwenda Kuba na Kurudi

Mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilianza kuleta Afrika santuri za mfululizo ulioitwa GV. Nyingi kati ya zile za mwanzo zilikuwa nyimbo za Kuba zilizokwisha kurekodiwa na kampuni mshirika ya Marekani, Victor. Waliozipakia melini walikuwa wafanyabiashara wanaotafuta wateja, basi. Santuri zikashuka katika bandari za Afrika Magharibi, zikapanda treni kutoka Matadi hadi Léopoldville, na baadaye zikachezwa hata Mombasa na Morogoro.

Wakazi wa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, hawakujua Kihispania. Mapigo yenyewe, hata hivyo, hayakuwa mageni masikioni mwao. Yalikuwa yameondoka kwao zamani, kwa nguvu, katika matumbo ya meli.

Kati ya Waafrika wanaokadiriwa kufika milioni 12.5 waliopakiwa kuvushwa Atlantiki wakiwa watumwa, zaidi ya milioni 5 walitoka katika ukanda wa Kongo na Angola. Kuba ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho kuachana na dhuluma hiyo, kwani utumwa ulifutwa huko mwaka 1886 tu. Wajukuu wa Wakongo waliozaliwa Kuba walikua wakisikia lugha na ngoma za babu zao. Mmoja wao alikuwa Arsenio Rodríguez, kipofu tangu utotoni, ambaye mwaka 1937 utunzi wake uitwao “Bruca Maniguá” ulirekodiwa ukiwa na maneno ya Kikongo yaliyochanganywa na Kihispania. Miaka michache baadaye huyohuyo Arsenio aliongeza piano, trampeti kadhaa na tumba katika bendi ya Kikuba, na umbo hilo likawa kigezo kwa waliomfuata.

Muziki aliourithi Arsenio uliitwa son. Ulizaliwa mashariki mwa Kuba, upande wa Santiago na Guantánamo, ukaingia Havana mwanzoni mwa karne ya 20. Hispania iliuchangia lugha, beti na gitaa. Afrika iliuchangia bongo, mpangilio wa mapigo na mtindo wa kuitikiana. Kulikuwamo hata marimbula, sanduku kubwa lenye vyuma ambalo mpigaji hulikalia na kuvibofya vyuma hivyo ili kutoa sauti ya besi. Mkongo angelitambua kuwa ndugu wa likembe, na Mgogo wa Dodoma angelitambua kuwa ndugu wa ilimba.

Wimbo wa son una sehemu mbili. Katika ya kwanza, mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu, na wachezaji wanajizuia. Kisha unakuja montuno. Hapo kiitikio kifupi kinarudiwa tena na tena, mwimbaji anakijibu kwa maneno ya papo kwa papo, ngoma zinapanda, na ukumbi mzima unaamka. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ya kuifuata katika historia hii, kwa kuwa kila nchi iliyoupokea muziki huu iliacha hapo alama yake iliyo wazi zaidi.

Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú kutoka Havana ilirekodi “El Manisero”, utunzi wa Moisés Simons, mjini New York. Santuri ikauzwa kote duniani, na kwenye lebo yake iliandikwa rumba. Nchini Kuba jina hilo ni la ngoma nyingine, ya mitaani, isiyo na gitaa wala trampeti. Wauzaji hawakujali tofauti hiyo. Ndivyo Afrika ilivyoupokea muziki wa son kwa jina la rumba, na jina likakaa.

Sebene inazaliwa Léopoldville

GV zilikuta mji ulio tayari. Reli ya kutoka Matadi, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, ilikuwa imewaleta wafanyakazi kutoka pwani ya Afrika Magharibi, na pamoja nao yakaja magitaa na dansi iliyoitwa maringa. Léopoldville ilijaa vijana waliotoka makabila mbalimbali, wanaopokea mshahara na kutafuta burudani isiyo ya kijijini wala ya bwana wao Mbelgiji. Rumba ilikidhi haja hiyo. Ilikuwa ya kisasa, ilikuwa ya watu weusi kwa kiasi kikubwa, na haikuwa ya mkoloni wao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyabiashara wa Kigiriki waliona fedha katika burudani hiyo. Nico Jéronimidis alifungua studio ya Ngoma mwaka 1948. Zikafuata Opika na Loningisa, kila moja ikiwa na wanamuziki wake, magitaa yake na duka lake. Mwaka huohuo wa 1948 fundi wa mitambo ya meli za mtoni, Wendo Kolosoy, akiwa pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi kwa Ngoma wimbo “Marie-Louise”. Ulipendwa mno kiasi kwamba watu walianza kusema ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu, na mapadri wakamkasirikia Wendo.

Ndani ya wimbo huo Bowane alifanya jambo ambalo lingedumu kuliko uvumi wa wafu. Waimbaji waliponyamaza, gitaa halikunyamaza. Liliendelea peke yake, likizungusha kipande kifupi cha sauti huku wachezaji wakizidi kuchangamka. Wakongo wakakiita sebene. Mahali pale ambapo Wakuba waliweka kiitikio na trampeti, Wakongo waliweka gitaa.

Mwanzoni uigaji ulikuwa wa wazi. Bendi zilipiga bolero na cha-cha, na waimbaji walibuni maneno yanayofanana na Kihispania lakini yasiyo na maana katika lugha yoyote. Joseph Kabasele, aliyeanzisha African Jazz mwaka 1953, alipenda sauti laini na mpangilio nadhifu wa Kikuba. OK Jazz ilianza Juni 1956, na kijana wake François Luambo Makiadi, Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa na mkono mzito zaidi. Alizikwangua nyuzi kwa namna iliyonusa ngoma za kijijini, akaimba mambo ya mtaani: wivu, madeni, wake wenza, wanaume waongo. Kihispania cha kubuni kikafifia, Lingala ikatawala. Katika sebene magitaa yakawa matatu, solo, rithimu na la kati lililoitwa mi-solo, kila moja likipiga kipande chake na yote yakikutana katika zamu moja isiyokatika.

Januari 1960 viongozi wa Kongo walikwenda Brussels kudai uhuru mezani, na Kabasele akaenda na kundi la wanamuziki. Huko walitunga “Indépendance Cha Cha”. Cha-cha ilikuwa mtindo uliotungwa Havana na Enrique Jorrín miaka michache tu nyuma yake. Sasa ulibeba majina ya vyama na wanasiasa wa Kongo, na redio zikauvumisha katika nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zikingoja siku yao.

Njia mbili za kufika kwetu

Afrika Mashariki iliupata muziki huu kwa njia mbili. Ya kwanza haikupita Kongo kabisa. Morogoro kulikuwa na kijana aliyeitwa Salum Abdallah, mpenzi wa santuri za GV. Inasimuliwa kwamba mapenzi hayo yalimtorosha nyumbani akiwa na nia ya kwenda Kuba, safari iliyomfikisha Mombasa tu. Mwaka 1948 alianzisha bendi akaiita La Paloma, na mwaka 1952 ikawa Cuban Marimba. Alichukua mwendo wa Kikuba, akautia Kiswahili chenye mizani ya watu wa pwani, na nyimbo zake zikatoka Mombasa katika santuri za Mzuri. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Kufikia hapo Morogoro, mji usio na bandari wala studio ya santuri, ulikuwa tayari umetoa bendi mbili zilizosikika nchi nzima: hiyo Cuban Marimba, na Morogoro Jazz ambayo baadaye ingemtoa Mbaraka Mwinshehe.

Njia ya pili ilipita kwa watu. Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ilizungumza Kiswahili kwa sababu ya migodi ya shaba iliyokusanya wafanyakazi kutoka kila upande. Mwenda Jean Bosco wa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga “Masanga” kwa gitaa kavu. Upigaji wake wa vidole ulifika Nairobi, naye mwenyewe akafuata, kama alivyofuata mwenzake Edouard Masengo. Vijana wa Kenya waliojifunza gitaa miaka hiyo walijifunza mengi kwao.

Baada ya uhuru wa Kongo na vurugu zilizofuata, wanamuziki walizidi kuelekea mashariki. Orchestra Maquis ilitua Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Super Mazembe ilifika Nairobi, na Baba Gaston na kundi lake pia. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Kampala kabla ya kuanzisha Orchestra Virunga jijini Nairobi. Wote walikuta wenyeji wenye bendi zao na masikio yao, na ikabidi wajifunze. Waliozoea Lingala wakaanza kutunga kwa Kiswahili, maana Mtanzania anayelipa kiingilio hutaka kujua wimbo unasema nini.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni Ramadhani Mtoro Ongala, Dokta Remmy. Alizaliwa Kindu mwaka 1947 na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Akiwa na Super Matimila aliimba juu ya kifo, umaskini na ukimwi kwa Kiswahili kilichowagusa makuli na maprofesa vilevile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika ile iliyofuata alipanda majukwaa ya Ulaya, na lebo ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu zake. Huko alitambulishwa kuwa sauti ya Tanzania. Mtaani kwake Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa yeye alifariki Desemba 2010.

Chemko

Tanzania iliugeuza muziki huu kwa namna ambayo haikutokea Kinshasa. Sababu mojawapo ilikuwa mwajiri. Bendi nyingi kubwa za baada ya uhuru zilikuwa mali ya vyama, mashirika na majeshi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa baadaye Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na zao. Mwanamuziki alipata mshahara, na ala zilikuwa za mwajiri.

Sababu ya pili ilikuwa redio. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi katika studio yake, na nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilifyatuliwa Nairobi. Msikilizaji alikutana na wimbo redioni kwanza, ameketi, anasikiliza maneno. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya wimbo ikarefuka. Ikawa kisa kamili chenye wahusika, fumbo na funzo, cha kujadiliwa kazini kesho yake. Hamu ya kujua maneno yanamlenga nani ikawa sehemu ya burudani yenyewe.

Baada ya kisa ndipo inafuata ile sehemu ya pili, ambayo wanamuziki wa Tanzania waliiita chemko. Magitaa ya Kikongo yamo, lakini hayakuachiwa uwanja peke yao. Saksafoni na trampeti zilibaki kazini hata baada ya vijana wa Kinshasa, wakiongozwa na Zaïko Langa Langa iliyoanza mwaka 1969, kuziweka kando. Mapigo yalichotwa pia nyumbani. Kila bendi ilijivunia mtindo wake, na msondo na sikinde, majina mawili yaliyogawa mashabiki wa Dar es Salaam kama timu za mpira, ni majina ya ngoma za jadi za ukanda wa pwani. Bendi ya Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar walitoka Juwata, wakaungana na mkongwe Michael Enoch, na sikinde ikapata jukwaa.

Nairobi ilikuwa na masharti mengine. Huko bendi ilikuwa ya mwenye nayo, studio zilikuwepo, na santuri ilikuwa bidhaa ya duka la River Road. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walihamia huko na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitoa, wakawa Les Wanyika, Watanzania na Wakenya pamoja, na mwaka uliofuata “Sina Makosa” ikatikisa nchi zote mbili. Sikiliza gitaa la rithimu katika wimbo ule. Limepunguzwa hadi likabaki kavu na jepesi, besi ikapewa nafasi ya kuzungumza, na kasi ikabaki ya kutembea. Ni rumba, ila Kinshasa haikupata kuipiga hivyo.

Kando ya ziwa, Wajaluo waliyachukua magitaa hayohayo wakayafundisha kuzungumza kama nyatiti, na benga ikashika kasi. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, akawa mfalme wake nchini Kenya. Santuri za benga alizozisambaza Phares Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako muziki huo uliitwa kanindo na kuchangia kuzaliwa kwa sungura.

Bahari inavukwa tena

Septemba 1974 Kinshasa ilifanya tamasha la siku 3, likitangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Miongoni mwa wageni walikuwa bendi ya Fania All Stars kutoka New York, pamoja na Celia Cruz, Mkuba aliyekuwa akiishi uhamishoni. Waliimba kwa Kihispania mbele ya umma wa Wakongo, na Franco na Mkongo mwenzake, mwimbaji Tabu Ley, wakapanda jukwaa lilelile. Pande mbili zilizotenganishwa na utumwa na kuunganishwa na santuri zilionana uso kwa uso.

Katika miaka hiyohiyo, bila tamasha wala matangazo, mabaharia walikuwa wakipeleka santuri za Kiafrika Cartagena, bandari ya Kolombia kwenye Bahari ya Karibi. Wenye mitambo mikubwa ya muziki wa mtaani, inayoitwa picó, walizigombea. Aliyepata santuri kali alikwangua lebo yake ili mshindani asijue ni ya nani wala imetoka wapi. Nyimbo za Kongo zikapewa majina mapya ya Kikolombia, na vijana wakaimba maneno wasiyoyaelewa kwa jinsi masikio yao yalivyoyapokea. Waimbaji wa Léopoldville walikuwa wamefanya vivyo hivyo na Kihispania.

Baadhi ya mashabiki hao walikuwa na asili ya San Basilio de Palenque, kijiji cha wazao wa watumwa waliotoroka, ambacho lugha yake ina maneno ya Kikongo mpaka leo. Miaka ya 1980 wenyeji kama Viviano Torres walianza kurekodi muziki wao juu ya msingi huo, na champeta ikawa mtindo wa Kolombia. Nayo ina sehemu yake ya pili, yenye kasi na marudio, inayoitwa espeluque. Nyuma yake ipo sebene, na nyuma ya sebene upo montuno.

Paris nayo ilifanya kazi yake. Wakongo waliohamia huko miaka ya 1980 walipunguza uimbaji wa taratibu. Kanda Bongo Man, akiwa na mpiga gitaa Diblo Dibala, hakungoja mwisho wa wimbo. Alileta magitaa ya sebene baada ya kila ubeti, hata mwanzoni kabisa. Muziki huo wa Paris, ulioitwa soukous, ulirudi kuchezwa katika kumbi za Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam, na bendi za nyumbani zikalazimika kukimbia nao.

Ni ya nani?

Mwaka 2016 UNESCO iliiandikisha rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Desemba 2021 iliiandikisha rumba ya Kongo, kwa ombi la pamoja la nchi mbili zinazotazamana ng'ambo ya mto. Mwaka mmoja kabla ya hapo Koffi Olomidé wa Kinshasa alikuwa ameimba na Diamond Platnumz wa Tandale katika “Waah!”, na mwaka 2019 Fally Ipupa alikuwa ameimba naye “Inama”. Zamani mwanamuziki wa Tanzania ndiye aliyekuwa akimtafuta Mkongo. Siku hizi hutafutana.

Mara kwa mara husikika hoja kwamba muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya ni nakala tu ya Kongo. Anayeshikilia hoja hiyo itambidi aseme pia kwamba rumba ya Kongo ni nakala ya Kuba, na son ya Kuba ni nakala ya Kongo ya kale. Akifika hapo hatakuwa na mwenye asili hata mmoja mkononi. Historia inaonyesha kwamba kila mji ulipokea kitu kilichokwisha kushikwa na wengine, ukakipa lugha yake, shida zake na mkono wake. Heshima ya Kinshasa ni sebene, haijalishi GV zilitoka wapi. Heshima ya Dar es Salaam ni kile kisa kirefu na chemko inayokifuata.

Tofauti iliyopo ni ya kumbukumbu. Wakuba wameandika vitabu juu ya wapigaji wao wa gitaa la tres. Wakongo walijenga hoja yao, wakaipeleka UNESCO na kusikilizwa. Sisi tuna kanda za Redio Tanzania, santuri zilizotawanyika majumbani, na wazee wachache waliobaki ambao walipiga rithimu na besi miaka ya 1960 na 1970 bila majina yao kuandikwa popote. Vyuo, vituo vya redio na familia za wanamuziki wana kazi ya kufanya: kuwahoji wazee hao wangali hai, kuandika nani alipiga nini katika wimbo gani, na kuhakikisha kanda hizo zinahifadhiwa na kusikika. Hiyo ni kazi yetu, na hakuna nchi nyingine itakayotufanyia.